Sauti Yangu Kwenye Spika

Keziah aliniahidi kwamba sauti yangu haitatoka nje ya ofisi yao, kisha akaifungulia kwenye spika katika uwanja wa Siyu, mchana, wanaume na wanawake wakisikia. Hilo ndilo alilonifanyia. Yaliyonipata baadaye yote yametoka hapo, na nimechoka kuyaeleza vipande vipande kwa kila anayeniuliza, kwa hiyo nayasema hapa mara moja.

Mimi ni Swafiya, mke wa Khatib mshona viatu. Skuli sikwenda. Nilisoma chuo cha Kurani hadi nikakhitimu, basi. Kazi yangu, tangu mama alipozeeka akaniachia, ni kualika. Siyu mtu akiwa na arusi, akika ya mtoto au hitima ya marehemu, huniita mimi, akanitajia ukoo mmoja mmoja, nami nikavaa buibui langu nikapita nyumba kwa nyumba. Nabisha hodi, naingia mpaka walipo wanawake, nakaa, ndipo nasema: "Mwasalimiwa na Bi Fulani. Awaambia Ijumaa ana arusi ya mwanawe, na hana watu isipokuwa nyinyi." Kule kukaa ndiyo kazi yenyewe. Mwalikaji akisema amesimama mlangoni akaondoka, amewadharau wenye nyumba. Na mwenye nyumba asipomkalisha mwalikaji, amemtukana aliyemtuma. Mimi nimekalishwa juu ya vitanda vya mabibi wa watu. Nimetandikiwa mikeka mipya ambayo wageni kutoka Amu hawakutandikiwa.

Tena kwetu mwanamke akiwa njiani amejifunika, uso hauonekani. Tunajuana kwa sauti. Yangu ndiyo ijulikanayo kuliko zote, maana imeingia kila nyumba. Nikikohoa tu nje ya ukuta, ndani mtu husema, "Swafiya huyo. Nani aolewa?"

Nilikuwa na jambo langu. Tangu mtoto wa mwisho, ambaye alitoka hana uhai baada ya uchungu mrefu, mkojo ulikuwa haunizuiliki. Ulivuja kidogo kidogo, mchana kutwa. Nilijifunga vitambaa. Nilifukiza nguo kwa udi hadi watu wakanisifu kwa kunukia. Siku ya kualika sikunywa maji tangu alfajiri. Khatib alijua na hakuwahi kunitangaza hata tukigombana. Mwengine hakujua. Zahanati sikwenda kwa sababu muuguzi wetu, Jeilani, amemuoa binti wa dada yangu. Ni mkwe wangu. Yeye ni mtu wa adabu na kazi yake aijua, lakini maneno yale ningeyaanzaje mbele ya mkwe?

Ndipo akaja Keziah. Ni mwanamke wa bara, kijana, ana sketi ndefu na leso aliyonunua Amu ili afanane na sisi. Alikuwa na wenzake wa utafiti. Walitaka kujua kwa nini wanawake wa visiwani hawaendi zahanati mapema, kwa nini hawapimwi saratani ya mlango wa kizazi, kwa nini hungoja hadi ugonjwa uwe umeshakuwa mkubwa. Akaambiwa ukitaka wanawake wakusanyike, mtafute Swafiya. Nikamwalikia, kama nialikavyo arusi. Walikuja kwa ajili yangu, wakakaa, wakanywa soda, wakamwambia, "Twaenda zahanati, mbona twaenda." Ukweli hakuna aliyemwambia.

Siku moja akaja jikoni kwangu peke yake. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Akasema atanisaidia. Akakaa, akakwangua hadi kifuu.

"Mwanangu, hiyo ni nazi au wachimba kisima?"

"Nikifika kwenye maji nitakwambia, Mama."

Nikacheka. Alikuwa mtu wa kupendeza, hilo silifichi. Kisha akaniuliza, bado ameinamia nazi:

"Kina mama wananiambia wanaenda zahanati. Mimi nikienda kule nakuta benchi tupu. Ni nini hasa, Mama?"

"Waulize wao."

"Nimewauliza. Sasa nakuuliza wewe."

Nikaona simu yake imewekwa juu ya kinu. "Na hiyo?"

"Inanasa sauti tu, nisije nikasahau. Jina lako halitatajwa popote. Na sauti yenyewe inaishia ofisini. Tunaiandika, tunaifuta. Itabaki kati yangu na wewe."

"Wallahi?"

"Haki ya Mungu, Mama."

Nikasema. Sijui ni nini kilichonifungua. Labda kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu, na siri yangu ingeondoka naye kwenye boti. Nilimwambia vitambaa, udi, kiu ya siku za kualika. Nilimwambia nikikaa kwenye kitanda cha mtu namwomba Mungu nisiache alama. Alilia. Akanishika mkono akasema, "Pole sana, Mama." Wala hakuniambia kwamba ugonjwa ule una matibabu. Alijua. Baadaye niliambiwa kwamba kazi iliyomleta ilikuwa ya kuuliza, si ya kutibu.

Wakaenda zao. Walirudi baada ya mvua za masika, Keziah ana furaha, akanikumbatia.

"Mama, mara hii tumewaletea majibu. Watafiti wengi huondoka wasirudi, sisi tumerudi. Nialikie mji mzima."

Nikaalika mji mzima. Hilo ndilo linaloniamsha na uchungu hata leo. Kila aliyenisikia pale uwanjani nilimwendea mwenyewe kwa miguu yangu, nikakaa kwake, nikamwomba aje.

Wanaume walikaa upande wa msikiti, sisi upande wa pili, katikati pazia la turubai. Walikuwa na spika kubwa. Jeilani alikaa mbele, mezani, kwa kuwa ndiye mwenye zahanati. Keziah akaeleza mambo ya saratani na vipimo, akaeleza vizuri, watu wakatikisa vichwa. Kisha akasema:

"Lakini kwa nini tumsikilize mtafiti? Tuwasikilize kina mama wenyewe. Huyu mmoja wao, jina lake hatulitaji."

Na jina langu kweli hakulitaja. Alibonyeza simu, spika ikasema: "Mimi nimekaa na jambo hili..."

Lile neno la kwanza tu, "mimi", vichwa vyote vya wanawake viligeuka. Bibi mmoja nyuma yangu, ambaye hasikii vizuri, akauliza kwa sauti kubwa, "Swafiya, mbona uko hapa na wasema kule?" Spika ikaendelea. Ikataja mkojo, ikataja vitambaa. Ikafika kwenye vitanda vya watu, na hapo sikuona tena nyuso, niliona macho tu yanashuka kutoka usoni kwangu hadi mahali nilipokaa. Mardhiya, jirani yangu na rafiki yangu tangu tuko wasichana, alikuwa ameketi kando yangu. Alivuta pindo la leso yake, polepole, akaliweka kwenye mapaja yake. Kule mezani Jeilani aliinama kama mtu aliyeangusha kitu.

Keziah alinitafuta kwa macho katikati ya watu akanitabasamia. Alidhani amenipa zawadi.

Siku zilizofuata nilipata jina jipya. Bi Spika. Watoto waliniita hivyo kwanza, kisha mama zao. Nikipita njiani, mmoja husema, "Tulieni, msije mkarekodiwa." Mwengine, "Mpisheni, mpisheni, mai yaya," yaani maji yaja. Wakacheka. Nami hucheka nao nikapita, kwa kuwa ukigombana na mmoja utagombana na mji mzima, na sina nguvu hiyo.

Lakini maneno si kitu. Palikuwa na hitima, nikatumwa. Nyumba ya kwanza nilitandikiwa mkeka wa zamani, uliokatika pembe. Nyumba ya pili nilitandikiwa plastiki. Nilialika hadi nikamaliza, nikarudi nyumbani nikamwambia Khatib, "Tumbo laniuma," nikalala nimeelekea ukuta.

Jeilani ndiye aliyekuja. Hakusema nami. Alikaa nje na Khatib, mimi niko ndani nyuma ya pazia, akamwambia Khatib maneno ambayo alitaka niyasikie mimi: kwamba ugonjwa huo ni tundu kwenye kibofu, hutokana na uchungu uliochelewa, na madaktari wa upasuaji huja pwani wakaziba bila malipo. Akatupangia safari yote. Nikaenda, nikapasuliwa, nikalazwa, nikarudi. Mkavu. Nilipokunywa gilasi nzima ya maji asubuhi nikaenda sokoni, nililia njiani chini ya buibui.

Nilidhani basi yamekwisha. Sundus, binti wa Mardhiya, alikuwa ameposwa. Yule mtoto nilimbeba mimi siku ya arubaini yake, na mama yake aliniambia siku ile ile, "Huyu utamwalikia arusi wewe." Nikangoja kuitwa. Mapambo yakanunuliwa, mchele ukateremshwa. Sikuitwa. Nikaenda mwenyewe.

"Njoo ndani, Swafiya, karibu," akasema Mardhiya. Mkeka ulikuwa umetandikwa, mpya, unanukia ukindu. Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa gunia la mchele lililo tupu, akalitandika juu ya mkeka, upande wangu.

"Mimi nimepona, Mardhiya. Nimepasuliwa, nimeshonwa."

"Alhamdulillahi. Nani kasema hukupona? Kaa."

"Basi ondoa gunia."

"Ah, gunia ni la vumbi tu."

"Vumbi umeliona jana? Miaka yote nakaa hapa."

Akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Sundus aalikiwa na nani?" nikamuuliza.

"Siku hizi kuna simu. Watoto wamesema watatuma sauti kwenye simu za watu, kila mtu aisikie kwake." Akacheka kidogo, na sijui kama alikusudia. "Si wewe uliyetuonyesha kwamba sauti yaweza kwenda bila mtu?"

Sikukaa. Nilisema niliyokuwa nayo nimesimama, kwamba Mungu amjaalie Sundus kheri, nikatoka. Mwalikaji aliyetoka nyumba ya mtu bila kukaa. Mama yangu angeniuliza nimewakosea nini.

Arusi ilikuwa nzuri, nimesikia. Tangu hapo hajaniita mtu. Kwa chakula hatulali na njaa, viatu vya Khatib vyauzika. Lakini siku zangu zilikuwa zimejengwa kwa nyumba za watu, na sasa nakaa kwangu nasikia mialiko yalia kwenye simu za majirani.

Zahanati nayo, ile benchi iko vile vile. Walikuja watafiti wengine wa jambo jengine, la chanjo. Wanawake wakawaambia mlangoni, "Sisi hatuna sauti. Nendeni kwa Bi Spika, yeye anazo mbili." Hata kupimwa hawakukubali. Mmoja wao najua ana uvimbe kifuani, na sitamtaja.

Keziah alinipigia simu baada ya arusi. Jeilani alikuwa amempata na kumweleza.

"Mama, nimesikia. Samahani sana, samahani kutoka moyoni."

"Nimeisikia samahani yako. Nani mwengine aisikia?"

"Ni mimi na wewe tu, Mama."

"Ile nyengine nayo uliniambia ni mimi na wewe tu."

Nikamwambia, "Njoo Siyu. Simama pale pale, useme uliahidi na ukavunja."

"Nimewaomba wakubwa wangu. Wamekataa. Wanasema tukija kukuomba radhi hadharani, tutakuwa tumetoa siri ya aliyezungumza."

Nilicheka hadi Khatib akatoka na sindano yake mkononi kuona kuna nini. "Siri gani, mwanangu? Mbuzi wa Siyu waijua."

"Lakini Mama, angalau si ulitibiwa? Kama isingekuwa ile..."

"Nilitibiwa kwa sababu Jeilani ana haya na ana huruma. Ungeniambia pale jikoni kwamba ugonjwa wangu una matibabu, ningetibiwa, na nyumba za watu ningebaki nazo."

Alilia tena. Mimi machozi yake nimeshayaona, nikamwambia simu yaisha chaji.

Basi deni liko hivi. Keziah na wakubwa wake nawadai uwanja ule ule na spika ile ile. Aseme kwamba mwanamke mmoja aliahidiwa siri, na waliovunja ahadi ni wao. Jina langu asilitaje kama wakubwa wake waogopa. Watu nitawaalika mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na nitakalia kila gunia nitakalotandikiwa. Na Mardhiya, siku akishasikia, namdai mkeka mtupu.