Ukurasa wa Sita wa Kijitabu cha Bima

Kile kijitabu cha bima ya afya, chenye picha ya familia inayochekelea chini ya mwavuli, nilikiandika mimi. Nimekana kwa miaka miwili. Watu walipokuwa wakikisoma kwenye kibanda cha chai pale Mlowo na kukidhihaki, "Kipindi cha kungojea! Ugonjwa nao umeambiwa ungoje?", nilicheka kuliko wote. Kuna siku nilisema aliyekiandika lazima awe mtu wa Dar es Salaam.

Kampuni ilinipa mkataba wake wa Kiingereza, mnene kama mkate, niufupishe kwa Kiswahili cha wakulima wa kahawa. Nilipofika kwenye siku tisini za kungojea kabla bima haijaanza kulipa, sikuelewa zinaanza kuhesabiwa lini: siku mtu anapojiandikisha, au siku anapokabidhiwa kadi. Ningeweza kupiga simu nikauliza. Lakini nina shahada mbili, na mtu mwenye shahada mbili anaanzaje kuuliza? Nikaandika "tangu siku ya kujiandikisha", kwa sababu ndivyo mtu mwenye akili timamu angepanga. Meneja akapitisha, akagonga muhuri. Akaenda kuwasomea wakulima Igamba kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nikijifanya nimekuja kusalimia ndugu.

Mwaka huu, mwanamke niliyekua naye huko Igamba alinijia nyumbani Tunduma. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Damu ilikuwa ikimtoka wiki ya tatu sasa, midomo imepauka, na ngazi zangu nne zilimfanya aketi kwanza ndipo asalimie. Daktari alisema afanyiwe upasuaji haraka. Bima ilikataa kutoa kibali. Akafungua kitambaa, akatoa kijitabu, ukurasa wa sita umekunjwa pembe.

"Mwalimu," alisema. Nilifundisha mwaka mmoja tu, jina halijawahi kunitoka. "Hebu nisomee hapa. Ni macho yangu yananidanganya, au ni hawa?"

Nikasoma sentensi yangu. Siku tisini tangu ajiandikishe zilikuwa zimepita zamani. Kadi ndiyo iliyochelewa. Ilimfikia mwezi uliopita, na kampuni ilihesabu kuanzia hapo.

"Macho yako ni mazima," nikamwambia. Hata hapo sikusema zaidi.

Tukaenda ofisi ya kampuni ya bima, mkabala na foleni ya malori ya mpakani. Ofisa alikuwa dada mwenye miwani na sauti ya kubembeleza.

"Mama zangu, kinachotawala ni mkataba. Kijitabu ni maelezo tu."

"Na huo mkataba wakulima waliuona wapi?" nikauliza.

"Upo hapa ofisini."

"Kwa lugha gani?"

Akapanga kalamu zake mezani. "Kiingereza."

"Basi mlitaka mtu wa Igamba aamini karatasi asiyoijua, aache hii mliyomsomea wenyewe."

"Mama, kijitabu kina kosa. Aliyekiandika hakuelewa mkataba."

"Hakuelewa kweli. Ni mimi."

Mwenzangu aligeuka mzima mzima. "Wewe?"

"Mimi."

"Na ile familia ya mwavuli?"

"Picha si yangu. Naapa."

Akacheka huku ameshika tumbo, na kicheko kikamuumiza. Ofisa hakucheka. Alituacha pale, akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyochapwa tayari: nithibitishe kwamba kijitabu kilikuwa rasimu na hakikupaswa kugawiwa. Nikisaini, alisema, jina langu litabaki safi na kazi nyingine zitakuja.

Nimesaini mambo mengi ya kipuuzi maishani. Ile sikusaini. Nikaomba karatasi tupu, nikaandika palepale, kwa mwandiko mbaya kwa sababu ya hasira: Sentensi ya ukurasa wa sita niliandika mimi bila kuelewa. Meneja wenu aliipitisha bila kuilinganisha na mkataba. Huyu mama aliisoma na kuiamini. Katika watu watatu, ni yeye peke yake ambaye hakukosea, na ndiye mnayetaka aadhibiwe. Chini nikaongeza kwamba nakala naipeleka kwa wanaosimamia kampuni za bima, pamoja na kijitabu chenye muhuri. Nikamwomba ofisa agonge muhuri wa kupokea. Akagonga.

Siku mbili baadaye tulikuwa kwenye benchi la hospitali, mwenzangu ameegemea bega langu, simu yangu ikaita.

"Mwalimu," alisema ofisa. Naye sasa alinijua kwa jina hilo. "Kibali kimetoka. Hospitali wameshatumiwa."

"Kimetoka kwa sababu gani?"

"Si kimetoka tu, mama?"

"Kama ni huruma, iandikeni huruma. Huko Igamba wapo wengine waliocheleweshewa kadi, nao watakuja. Nataka kujua nitawaambia nini."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Imeandikwa, 'kwa mujibu wa kijitabu, ukurasa wa sita.'" Akashusha sauti. "Ila kazi nyingine kwetu, mwalimu, usitegemee."

"Sikutegemea."

Mwenzangu akanyoosha mkono, nikampa simu. Akasikiliza, akaitikia "ndiyo, mwanangu" mara mbili, akafumba macho.

"Nimeelewa," alisema. "Asante. Na ile familia ya mwavuli, iondoeni."