Mbegu Kumi na Moja za Mpodo

Mama Miche, bibi wa kitalu chetu cha miti, hajawahi kulia mbele yetu. Siku ile alikaribia.

Mpodo ni mti wenye dume na jike, na jike ndiye anayezaa. Wapasua mbao walimwangusha jike wa mwisho tuliyemjua mlimani. Mama Miche akakwea huko, akachambua matawi yaliyolala chini, akarudi na mbegu kumi na moja. Akazifukia kwenye mchanga mbichi ndani ya kopo, nyumbani kwake, maana mbegu ya mpodo ikikauka imekufa. Kisha homa ikamlaza siku mbili.

Mumewe ni fundi cherehani mstaafu, mtu wa kupiga pasi hata leso. Alipoziona zimeloa akazihurumia. Akazianika juani kutwa nzima.

Msimamizi wa kitalu alisikia. Yeye alilitaka tuta tulilozitengea mbegu hizo, apande misonobari.

"Pasua tuone kama ziko hai," alisema.

"Nikiipasua nimeiua."

"Usipopasua, tuta linakwenda leo hii."

Nilitamani kumzaba kibao. Lakini maji yalikuwa machache kweli, na hakuna anayemwagilia maiti.

Mama Miche akashika wembe. Mumewe alikaa kwenye benchi mlangoni, kofia magotini. Mbegu ya kwanza: kahawia, imesinyaa. Ya pili vilevile.

"Mke wangu, nilidhani nakusaidia."

"Nyamaza kwanza, Baba Watoto."

Ya tatu ilivunjika kama ganda la karanga.

"Basi, Mama," msimamizi akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Mama Miche akapasua ya nne. Ndani palikuwa peupe, pabichi, na kiini cha kijani katikati. Ilikuwa hai, na alikuwa ameiua.

"Moja zaidi, tuhakikishe," msimamizi akasema.

"Hapana!" Akautupa wembe dirishani. Akamgeukia mumewe, akamwekea zile saba kiganjani. "Ulizianika wewe. Utazipanda wewe."

Msimamizi akaguna, akaondoka. Tuta likabaki letu.

Mzee alimwagilia kila asubuhi, miezi minane. Sita zilioza. Moja imeota, urefu wa kidole.

"Ni jike?" huuliza kila siku.

"Tusubiri," mkewe humjibu.

Mpodo hauonyeshi kama ni jike mpaka uanze kuzaa, na hiyo ni miaka ishirini au zaidi. Mzee ana sabini na mbili.