Bolti za Inchi

Hasira yangu juu ya zile jenereta haijapoa mpaka leo. Zilifika Élisabethville baada ya vita, masalio ya jeshi la Waamerika, na patron, yule mzungu mwenye karakana yetu, alizinunua kwa furaha ya mtu aliyeokota. Zilikuwa mashine nzuri. Ubaya ulikuwa kwenye kifuniko cha feni: kilikazwa kwa bolti ndogo pande zote, tena za inchi, nasi spana zetu zilikuwa za milimita. Spana ya karibu iliingia, ikacheza kidogo, ikala pembe za bolti mpaka kichwa kikawa mviringo kama mbaazi. Hapo tulishika patasi na nyundo, na patron akasema weusi hawajui kufungua bolti. Spana za inchi hakununua.

Kiangazi, vumbi jekundu liliziba chujio kila siku, na chujio lilikaa nyuma ya kifuniko hicho hicho. Nikaifungia mashine moja nati za mabawa, zile wazungu waliziita papillon na sisi kipepeo, na washa ya springi chini zisilegee kwa mtetemo. Kifuniko kikafunguka kwa vidole tu. Nikamwonyesha patron, moyoni najisifu. Akaniuliza ni nani atakayetuzuia kufungua na kuiba petroli. Petroli haikuwa hata upande ule! Akaniamuru nirudishe bolti, nikazirudisha huku nimeuma meno.

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyeangalia jenereta ya kiwanda cha barafu. Siku moja alifungua kifuniko asafishe chujio, na bolti zikakataa kurudi. Patron akasema iwashwe hivyo hivyo, barafu inayeyuka. Barafu ya bilauri za wazungu! Mkanda wa feni, ulioachwa wazi, ulimvuta mkono wa kulia, wa kushoto ukaenda kuuokoa, na feni ikavila vidole gumba vyote viwili.

Ndipo patron alipopata akili. Jenereta zote zifungwe vipepeo, upesi, kabla mkaguzi wa serikali hajaja. Akili ni mali, husema watu. Yake ililipiwa kwa vidole vya mwingine.

Vidonda vilipopona, shemeji alirudi kazini. Patron akamsimamisha mbele yetu sote, akamwambia afungue kifuniko. Alijaribu kwa viganja, akajaribu kwa vidole vilivyobaki, kipepeo kikamteleza kila mara. Patron akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuamrishia wapishi:

"Kazi iko ya bidole. Weye hauna. Wende."

Shemeji alinigeukia mimi, akasema polepole, "Shemeki, urudishe zile bolti. Na fungulo miye nitaweza."

Fungulo, yaani spana, nilikuwa nimeishika mkononi. Bolti zote zilikwisha kutupwa.