Saa Sita Mbili, Trekta Moja

Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Jua la Machi limekwisha kuanza kuonea watu, na Kamaludin bin Faraj anazungusha hendeli ya trekta mbele ya banda lake la makuti hapa Makadara, Mombasa. Anazungusha mara ya kwanza. Ya pili. Mara ya tatu trekta linapiga chafya, linatoa ulimi wa moto kwenye kabureta, linaunguza kofia ya mtu, kisha linanyamaza kama bi harusi mbele ya wakwe.

Kofia ni ya shemeji yake.

"Ya pili hii tangu Jumanne," anasema Hadi, akiipigapiga gotini. "Shemeji, wataka trekta liwake au wataka niwake mimi?"

"Yeyote atakayetangulia," anajibu Kamaludin. "Nimechoka kuchagua."

Walioketi barazani wanacheka hadi kahawa inawapalia. Ni siku ya tatu ya tamasha hili, na kiingilio ni bure. Hadi anasema hendeli imezungushwa mara mia mbili na kumi na saba. Yeye ni fundi wa saa, kuhesabu ni ugonjwa wake.

Asiyecheka ni Dzoro. Ameketi juu ya debe, mikono mapajani. Kwa miaka tisa amelima na trekta hili katika shamba la Sheikh Abdulhalim huko Kisauni, na masika yako mlangoni. Sheikh amekwisha kusema neno lake: leo akitoka msikitini baada ya sala ya adhuhuri, atapita Makadara. Akilikuta linanguruma, Kamaludin atapewa pia lori na pampu mbili za maji azitunze mwaka mzima. Akilikuta limenyamaza, litauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na Dzoro atafute jembe.

"Jembe nalijua," anasema Dzoro. "Ndiyo maana napenda trekta."

Kamaludin ana miaka thelathini na sita. Baba yake alikuwa seremala wa milango ya nakshi Mji wa Kale, akamtoa mwanawe kazini baada ya mlango mmoja tu. "Ua nililochonga lilifanana na kaa," anasema Kamaludin. "Mwenye nyumba alilipa nusu, akautundika mlango nakshi ikitazama ndani."

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja aliingia karakana ya jeshi. Huko alikabidhiwa ufagio.

"Nilifagia mwaka mzima," anasema. "Lakini ufagio una adabu, hukusogeza popote bila mtu kukuuliza. Ukinifikisha penye injini iliyofunguliwa, hapo uchafu ulikuwa hauishi."

Mwaka wa pili alikuwa amepewa spana. Wa nne, hendeli ya lori ilimrudi ikamvunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Vita vilipokwisha alirudi nyumbani na barua ya shukrani, saa ya ukutani, na vidole viwili vilivyokataa kukunjwa. Miezi ishirini alitengeneza baiskeli, majiko ya stovu na vyerehani. Kuna miezi hakupata hata shilingi ishirini, na nyumba ilisimama kwa mahamri ya mkewe, Mwanakuu.

"Aliniambia ana kazi ya mafuta," anasema Mwanakuu. "Nikadhani ya taa. Kumbe ni ya kukaangia."

Ndiyo sababu trekta hili, la kwanza kuletwa bandani kwake, lilipokelewa kama mgeni wa kuposa. Lilivutwa kwa lori likipitia daraja la Nyali. Kwa wiki tano Kamaludin aliifungua injini yote: akabadilisha pete za pistoni, akasaga valvu, akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Kazi moja tu ilimshinda. Magineto, kile chombo kinachogawa cheche kwa silinda nne, ina skrubu ndogo kama mbegu za ufuta, na vidole vyake havizikamati. Akamwita Hadi, mdogo wa Mwanakuu, anayefungua saa za watu kwa kibano na koleo ndogo.

Na sasa mafuta yanafika. Cheche ipo, Jumanne Hadi aliukamata waya kuhakikisha, na barazani wakamwona akiruka. Pumzi ya silinda ni nzuri, kila moja inaisukuma hendeli mpaka mkono unauma.

"Ni kama una maji, majani na sukari," anasema Kamaludin, akikuna kichwa, "ukivichanganya haviwi chai."

Hofu yake ni kuwa cheche inakuja si kwa wakati wake. Ndani ya magineto mna mshale mdogo wa shaba unaozunguka kama wa saa, na silinda ya kwanza ikijaa pumzi, mshale huo sharti uelekee mahali pake. Amemuuliza Hadi mara tatu.

"Shemeji, mshale uliuelekeza saa sita?"

"Saa sita kamili, wallahi. Mimi nikukosee saa?"

Basi akahamia kwenye kabureta. Akaifungua, akaifunga. Asubuhi ikapita. Kivuli cha banda kikajikunja miguuni mwa watu, na Dzoro akaanza kutazama barabara.

Anayetokea barabarani ni Mwanakuu, buibui limekaa upande, mikono mitupu.

"Chakula kiko wapi?" anauliza mumewe.

"Muulize huyu! Hadi, ile saa ya ukutani umeifanya nini?"

"Nimeirekebisha, dada. Ilikuwa yasema uongo."

"Miaka miwili mimi huteleka wali mshale ukikaribia juu. Leo nimengoja mshale upande, nao washuka tu! Kumbe watu washaanza kwenda msikitini. Wali mtakula Magharibi!"

Barazani wanacheka, maana kila mmoja ameelewa. Mji wa Kale saa hufuata adhana: mwadhini akiita Magharibi, mishale yote miwili hupelekwa kwenye kumi na mbili. Kwa hiyo mchana, saa sita, mshale mfupi huwa chini kabisa. Lakini saa za jeshi na za reli hukaa Kizungu. Mchana huohuo mshale wao uko juu kabisa, na Mswahili aliyezizoea huzitazama akasoma "saa sita" bila hata kufikiri.

Kamaludin hacheki. Spana imesimama hewani.

"Shemeji," anasema, taratibu mno. "Nionyeshe saa sita."

Hadi, bila wasiwasi, anaelekeza kidole chini, mchangani. Kamaludin anainua chake juu. Wanabaki hivyo, kama watu waliotofautiana mwezi umeandama wapi.

"Lahaula!" anasema Hadi, akishika kichwa.

"Wiki tano," anasema Kamaludin. "Siku tatu. Kofia mbili."

"Kofia zilikuwa zangu!"

Mshale umegeuzwa kichwa chini miguu juu, na kila silinda inapata cheche ya mwenzake. Kamaludin hafungui hata skrubu moja. Anang'oa waya wa plagi ya kwanza anautia ya nne, wa nne anautia ya kwanza. Wa pili kwa wa tatu vilevile. Anajifuta mikono.

"Dzoro, njoo. Zungusha wewe, ni mwenzio."

Dzoro anazungusha mara moja. Haifiki ya pili. Trekta linakohoa, linatoa moshi mweusi, kisha linanguruma hadi kunguru wa Makadara wanahama wote kwa pamoja. Mwanakuu anapiga vigelegele. Dzoro yuko juu ya kiti tayari, anacheka mdomo wazi na hakuna anayemsikia.

Sheikh Abdulhalim anafika ameziba masikio, lakini anatabasamu.

"Ugonjwa ulikuwa nini, fundi?" anauliza kwa sauti.

Hadi anatazama viatu vyake. Kamaludin anamtazama Hadi.

"Lilikuwa halijui saa, Sheikh."

"Na sasa?"

"Tumelifundisha."

"Basi lori langu litakuja Jumamosi. Na pampu zote mbili. Zifundisheni adabu na zenyewe."

Trekta linaondoka kwa mlio wake lenyewe kuelekea Nyali, watu wakilifuata kama harusi. Kamaludin ameketi kwenye debe la Dzoro, anapanga. Atakodi chumba cha pili. Hadi atahamia humo na meza yake ya saa. Kazi za vidole zitakuwa zake, za mabega za Kamaludin mwenyewe. Bandani ni mwiko kutaja saa: ni "juu" au "chini" tu. Na mlangoni pataandikwa kibao kikubwa.

"Tuandike na saa ya kufungua," anasema Hadi. "Saa mbili asubuhi."

"Mshale ukiwa wapi?" anauliza Kamaludin.

Wanaanza kubishana upya. Mwanakuu anajifunga buibui vizuri. Ana wali wa kuteleka.

"Msiandike saa," anasema, akiondoka. "Andikeni: mkisikia mlio, tumefungua."