Tunasala Bati

Jumatatu ile tulikuwa tunatengeneza mabeseni, na Ssalongo alikuwa anamweleza Mungu habari za kila beseni. Ssalongo ndivyo Waganda wanavyomwita baba wa mapacha. Alikuwa fundi wa bati pale Katwe, Kampala. Mimi nilikuwa mfanyakazi wake, kijana wa miaka kumi na tisa, darasa la sita kichwani na mdomo usiojua kupumzika.

Sala zake hazikuwa na mwanzo wala amina. Akishika mkasi: "Bwana, kata na ndani yangu kisichofaa." Akiunga mshono: "Bwana, tushikanishe." Nyundo ikishuka, kila pigo, "Yesu." Na macho hafungi, maana ukifunga macho kwa fundi bati unaacha kidole.

"Ssalongo," nikamwambia, "mwache Mungu hata anywe chai."

"Muulize Nalongo kama amechoka kunisikia."

Nalongo, mke wake, alikuwa mlangoni anamenya matoke. "Nimechoka tangu harusi," akasema. "Lakini siku ukinyamaza nitajua umekufa."

Kanisa letu dogo serikali ya wanajeshi ilikuwa imelifunga. Kufuli mlangoni, na kukutana kusali likawa kosa. Ssalongo alisema yeye hana shida, kanisa lake lina nyundo. Basi tukawa tunasali kazini, sisi watatu, midomo inakwenda na mikono inakwenda.

Saa nne hivi askari akasimama mlangoni. Bunduki begani, sufuria mkononi.

"Nyinyi nasema nini hapa? Mimi nasikia midomo tu."

Ssalongo hakujua kudanganya. Kiswahili pia hakukijua vizuri. Alitaka kusema tunasali.

"Afande," akasema, "tunasala."

Nikajua tumekwisha.

Askari akatazama mkasi. Akatazama bati. Yule alikuwa amejifunza Kiganda cha sokoni Owino, na kwa Kiganda kusala ni kukata.

"Haya, saleni," akasema. "Na mimi nisalie kidogo, muzee. Sufuria yangu imetoboka."

"Nitakusalia, mwanangu."

Akamkatia kiraka, akakibandika, askari akaenda zake. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Ssalongo hakucheka. Kwake yeye mtu alikuwa ameomba asaliwe, basi. Tangu siku ile, kila asubuhi, bati la kwanza kukatwa lilikuwa na sala ya yule askari.

Mimi nikaigeuza biashara ya kuchekesha. Kila aliyepita nilimpigia kelele, "Karibu, tunasala bati!" Haji, jirani yetu wa duka la sabuni na chumvi, ambaye babu yake alitoka pwani, akaniita.

"We kijana, huo mchezo uache. Siku moja utamkuta anayejua Kiswahili. Sisi tunaswali, nyinyi mnasali, neno linajulikana."

"Haji, hapa Kampala watu wanakula kura na kupiga kula. Nani atajua?"

Haji naye hakucheka. Siku hizo nilikuwa nacheka peke yangu sana.

Halafu vita ikasogea. Mizinga ilisikika upande wa Entebbe, kwanza kama mtu anasukuma kabati chumba cha pili, baadaye kama kabati linaanguka. Wanajeshi wakawa wanapita na hasira na redio za watu. Ssalongo akaendelea na mabeseni.

Watu wa usalama walikuja mchana, gari moja. Dereva alibaki ndani. Akashuka mmoja, shati la maua, miwani nyeusi.

"Mnanong'ona nini?"

Ssalongo akafungua mdomo. Mimi nikamwahi. Nilitaka kumwokoa. Nilitaka na kuchekesha pia, siwezi kukataa.

"Tunasala, afande! Tunasala bati!"

Akavua miwani.

"Sala?" Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha Haji. "Nani kawaruhusu sala?"

"Kukata, afande! Kiganda hicho! Kukata!"

Hakunitazama.

"Mzee. Mlikuwa mnakata au mnasali?"

Ningekuwa karibu ningemkanyaga mguu.

"Vyote, mwanangu," Ssalongo akasema. "Kwangu ni kazi moja."

Akamnyang'anya mkasi, akautupa kwenye mabeseni. Akamtia kwenye buti la gari.

Buti likafungwa.

Nilimsikia ndani, "Yesu, Yesu," kwa mwendo ule ule wa nyundo, mpaka gari likakata kona.

Na mimi nilicheka.

Nilisimama barabarani nacheka, sijui kwa nini, siwezi kuacha. Nalongo ndiye aliyenifunga mdomo, kwa kiganja cheusi kwa utomvu wa matoke.

Siku chache baadaye mji ukaanguka. Watu walicheza barabarani. Mimi na Nalongo tulizunguka kwenye kambi zilizoachwa wazi, tukapanda mpaka Mbuya, tunatazama sura za waliotoka na za wasiotoka. Hakuwamo. Njiani askari waliokimbia walikuwa wametupa viatu, kofia, magwanda. Katikati ya takataka zile niliona sufuria. Nikaigeuza. Kiraka cha Ssalongo kilikuwa bado kimeshika.

Nalongo aliichukua, anapikia hadi leo. Hatukupata kaburi, tulipata sufuria.

Karakana nilibaki nayo mimi. Nalongo bado anakaa mlangoni, na nikikata bati kimya anainua kichwa. "Kijana, sema kitu." Basi nasali. Nasali vibaya, nasahau maneno, saa nyingine namwambia Mungu tu kwamba bati la leo ni jembamba. Lakini sinyamazi, maana najua kimya kinamwambia nini yule mama.

Bati la kwanza la asubuhi ni la askari wa sufuria, kama Ssalongo alivyoacha. La pili lingekuwa la mtu wa shati la maua. Ssalongo angemsalia siku ile ile, ndani ya buti, na huenda alimsalia. Mimi kila asubuhi nalishika hilo bati la pili, naweka mkasi, nafungua mdomo.

Nakata tu.