Raketi ya Karani wa Baraza

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa vitu viwili: kitambaa cha kufutia vumbi na onyo. Kitambaa kilikuwa cha marekani kuukuu. Onyo lilitoka kwa mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alifika Karagwe kutoka Pangani akiuza nguo na chumvi. Sisi tulimwita Tajiri, kama wafanyakazi wa wakati ule walivyowaita waajiri wao.

"Teonesti," aliniambia, "umetoka misheni, unajua kusoma, na Padri ameniambia huibi. Vizuri. Lakini dukani kusema ni kazi, na kunyamaza nako ni kazi. Umeelewa?"

Nilimwambia nimeelewa. Namshukuru Mungu kwamba hakuniuliza nimeelewa nini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, pale Kihanga. Tuliuza sukari, mafuta ya taa, majembe na vipuri vya baiskeli. Mwaka ule tulianza kuuza na raketi. Walimu wa misheni walikuwa wameanza kucheza mpira wa vinyoya, ambao watu wawili hupigiana kinyoya juu ya wavu. Kinyoya chenyewe ni kichwa kidogo cha koki, kama kizibo cha chupa, kilichochomekwa manyoya ya bata. Tajiri aliwaona wakicheza, akaona mbali, akaagiza kasha zima. Walimu wakanunua mbili, na kasha likabaki.

"Noeli yenu ikifika na hizi bado zinaning'inia," alisema, "wewe utakuwa umerudi kwenu kuchuma kahawa."

Mama yangu alikuwa mjane, na mdogo wangu alikuwa darasani kwa mshahara ule. Kwa hiyo nilizifuta raketi zile kama mtu anayefuta vyombo vya altare.

Niwaeleze vijana raketi ya wakati huo ilikuwaje, maana ninyi mmezoea hizi nyepesi kama jani. Kichwa kilikuwa cha mbao na shingo ya chuma. Mpini ulizungushiwa utepe wa ngozi ili usiteleze mkononi. Mbao hupinda ikipata unyevu, na huku kwetu unyevu haukosi, kwa hiyo raketi ililala ndani ya kibanio, yaani fremu mbili za mbao zinazokazwa kwa skrubu kwenye pembe. Tajiri alinifundisha kuikagua kwa kufumba jicho moja na kutazama kuanzia mpini, kama mwindaji anayelenga, nione kama kichwa kimekaa sawa na shingo. Alinifundisha pia kumpa mteja aishike, kisha nitazame vidole vyake. Vikizama kwenye kiganja, mpini ni mwembamba mno. Visipofika karibu na kiganja, ni mnene.

Zetu zilikuwa za aina mbili. Za bei kubwa zilikuwa na nyuzi za utumbo, na hizo zilitundikwa mbele ya macho ya mteja. Za bei nafuu zilikuwa na nyuzi za nailoni, zikalazwa rafu ya chini, karibu na sabuni. Tajiri hakutaka hata zitajwe.

Asubuhi moja akaingia Karani wa Baraza, mtu wa Ihanda, mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyeandika kesi zote za baraza letu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe kile chombo cha kupigia manyoya."

Alieleza shida yake huku Tajiri akimvutia kiti. Msimamizi wa kivuko cha Murongo, Mhaya wa Muleba, mwenye maneno mengi, alikuwa amemwambia mbele ya baraza zima kwamba Wanyambo, yaani sisi watu wa Karagwe, wanaweza kukimbiza ng'ombe tu, kinyoya hawakiwezi. Karani akamjibu wakutane uwanja wa misheni, Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli. Katika maisha yake yote hakuwa amegusa raketi.

Nilimpa ya juu. Akaipima mkononi, akanuna.

"Nyepesi hii. Jembe la namna hii ningemrudishia mhunzi."

"Wepesi ndio uzuri wake, mzee. Anayeanza akipewa nzito, bega linachoka kabla hajajifunza."

"Hebu niione." Akaizungusha kwa nguvu zake zote. Ilipita sentimita chache juu ya kofia ya Tajiri, ikafagia vioo vya taa vilivyopangwa kwenye rafu, na tukasikia vikianguka kimoja kimoja.

"Bwana Karani," Tajiri alisema kwa upole wa mtu anayejizuia, "adui yako yuko Murongo."

Karani alifurahi sana. Alisema chombo kina nguvu, anakichukua, na vioo atalipa. Akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, zikalia vizuri. Hapo akauliza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuuliza.

"Nyuzi hizi ni za nini?"

Tajiri alianza kukohoa. Mimi nilikuwa kijana wa katekisimu, na amri ya nane, usiseme uongo, niliijua kwa moyo.

"Ni utumbo, mzee. Utumbo wa kondoo."

Karani aliiachia raketi kama aliyeshika kaa la moto. Wageni wa Karagwe huenda hawajui: kila ukoo hapa una muziro wake, kitu ambacho watu wake hawakili wala hawakigusi, na muziro wa ukoo wake ulikuwa kondoo. Hata koo nyingine nyingi zilimdharau kondoo siku hizo.

"Mzee, wewe ni Mkristo," nilijaribu.

"Mimi nimebatizwa. Ukoo bado." Akaomba maji, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaondoka.

Tajiri aliinama kuokota vioo vilivyovunjika. "Nilikuajiri uuze," alisema, "si uungame."

Kufikia gulio la siku iliyofuata, habari ilikuwa imezunguka Kihanga yote. Kina mama walisimama mlangoni wakinunua kwa mkono mrefu. Mmoja alikataa chumvi kwa sababu gunia lilikaa chini ya raketi.

"Nipe iliyo upande ule, waitu," alisema kwa heshima ya kwetu. "Hiyo imekaa chini ya kondoo."

Sikulala vizuri. Niliomba, na katika kuomba kwangu nilimwonyesha Mungu kwamba nilisema kweli kwa ajili yake na sasa mama yangu ndiye atakayelala njaa. Sikupata ndoto wala sauti. Nilipata kazi ya kufuta vumbi rafu ya chini, na huko nikazishika zile za nailoni. Nikamwendea Tajiri alipomaliza sala ya adhuhuri.

"Hizi si za mnyama yeyote," nilimwambia. "Ni nyuzi za kiwandani. Na kwa mtu anayeanza ni bora: hazikatiki ovyo, hazijali mvua, na akiivunja hatalia sana."

"Nani atakuamini sasa?"

"Watu walioniamini niliposema kondoo."

Tajiri alichukua moja, akaikagua kwa jicho moja. Kisha akatuma mtu Ihanda.

Karani alikuja na wazee watatu wa ukoo wake. Niliweka jiko la makaa barazani, na kundi la watu likajaa. Nilishika kipande cha uzi wa utumbo kwenye moto. Kilijikunja, kikanuka kama nyama iliyoungua, na wazee wakarudi nyuma wote pamoja. Kisha nikashika kipande cha nailoni. Kiliyeyuka, kikafanya tone gumu mwishoni.

"Kinanuka nini?" aliuliza mzee mmoja.

"Hakinuki kitu cha kwetu," alijibu mwenzake. "Nusa mwenyewe."

Walinusa mmoja baada ya mwingine, kwa uzito kama wanaoamua kesi ya shamba. Karani alinusa wa mwisho. Akaichukua raketi ya bei nafuu, akanusa nyuzi, akanusa kichwa, akaupeleka mpini puani na kukaa nao hapo muda. Nilimngojea.

"Nifungie," alisema.

Jumamosi ile mvua ilinyesha hadi karibu na saa ya mchezo. Msimamizi wa kivuko alikuja amevaa viatu vyeupe, na raketi ya nyuzi za utumbo aliyoinunua Kampala.

"Karani, umekuja na mwiko wa kukorogea uji?" alimchokoza.

"Nimekuja kukulisha," Karani alijibu.

Mwanzoni hakumlisha kitu. Alipiga hewa, akapiga wavu, akapiga nguzo kwa raketi ile mpaka nikafumba macho, nayo ikabaki nzima. Lakini nyuzi za utumbo zikinywa maji hulegea. Kila Msimamizi alipopiga, kinyoya kilidondoka miguuni pake kimechoka. Akaongeza nguvu. Uzi ukakatika, kisha wa pili, na mwisho akabaki na dirisha mkononi. Kinyoya kilichofuata kilipita katikati yake, na Padri mwenyewe, aliyekuwa mwamuzi, alilazimika kugeuka pembeni acheke. Ihanda nzima iliingia uwanjani.

Noeli ilipofika rafu ya chini ilikuwa tupu, na Msimamizi alikuwa mmoja wa wanunuzi. Nilibaki kazini. Zile za utumbo Tajiri alizifunga akanipeleka Murongo kwenye tawi lake jipya, kusudi tuwauzie wateja wa ng'ambo ya mto.

"Wakikuuliza nyuzi ni za nini?" aliniuliza siku ya kuondoka.

"Nitawaambia, Tajiri."

"Najua. Basi waambie taratibu."

Nilikaa Murongo miaka mingi, nikarudi kuongoza duka lake jingine la Ihanda, na huko nikastaafu nikiwa mzee wa kanisa. Mdogo wangu alimaliza shule akawa mwalimu. Tajiri ametangulia. Nilishika jeneza lake pamoja na wanawe, na Mungu amrehemu kwa uvumilivu alionionyesha.

Karani alistaafu kabla yangu, akawa jirani. Jioni moja tulikuwa tukinywa kahawa barazani kwake, na raketi ile imetundikwa ukutani, utepe wa mpini umekuwa mweusi kwa jasho. Nilimsifia namna ilivyodumu.

"Ni ngozi nzuri," alisema. "Ya kondoo."

Niliweka kikombe chini. Nilimwapia kwamba sikujua, na kweli sikujua.

"Mimi nilijua siku ileile. Nimelelewa katikati ya ngozi, Teonesti, na pua yangu haikosei. Lakini Msimamizi alikuwa ananingoja, na wazee walikuwa wameshanusa moshi wakaridhika."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Aliniongezea kahawa kwanza.

"Kwa sababu ungenijibu."