Nilisema Nimeionja Ndiga

Kosa ni langu. Jina langu niachieni mwenyewe, maana mume wangu na wakwe zangu hawajui. Msiseme ni vita, msiseme ni njaa. Ni mimi!

Wakati wa vita vya Maji Maji, watu wa milimani walishuka kwetu Chumbi, bondeni karibu na mto, wakikimbia. Mashamba yao yalikuwa yamechomwa na Wajerumani, maghala pia. Walifika na watoto mgongoni, nyayo zimepasuka. Tajiri mmoja wa mpunga akawafungulia ua wake, nami nikajitolea kuwapikia.

Kupika kwenyewe sijui! Mimi ni kitindamimba. Kwetu walipika mama na dada zangu, kazi yangu ilikuwa kula. Lakini niliona haya kukaa bure na watu wanalala njaa.

Aliyenifundisha ni mmoja wa hao wageni, Binti Mbonde, aliyekuja na mama yake mzee. Chakula chetu kilikuwa cha chungu kimoja. Unapanga mhogo chini, juu yake boga, kisha ndizi mbichi, na samaki mkavu akipatikana. Unamimina tui, unafunika, unapalia makaa juu ya kifuniko. Hukorogi. Chungu cha kwanza nilikiunguza. Cha pili kikawa rojo tupu.

"Shoga, hiki tukakandikie nyumba!" Binti Mbonde akacheka.

Nikajifunza. Watu wakaanza kukomba chungu na kunisifu, na sifa, jamani, zililewesha kichwa changu!

Ndipo askari wakaja. Walisema ndani ya ua mna watu waliokunywa maji ya vita, wakauziba mlango.

"Atakayetoka ni risasi!"

Wenyeji kwa wageni, sote ndani, kama samaki kwenye mgono. Baba yangu alikuja akaniita akiwa nje ya ua. Wakamfukuza kwa kitako cha bunduki. Nilimsikia akikohoa akienda zake, nisiweze hata kumwona.

Mhogo ukaisha. Boga likaisha. Zikabaki ndiga, vile viazi vya mwituni walivyochimba wageni njiani. Ndiga ina sumu. Hukatwa vipande vyembamba, ikalowekwa siku nyingi kwenye maji yanayokwenda, mpaka uchungu utoke. Na sisi mto tulikuwa tunausikia tu! Tukailoweka mitungini, kwa maji ya kisima kilichokuwa kinakauka.

Binti Mbonde akashikwa na homa. Akaniita mkekani kwake.

"Usipakue mpaka umeonja. Ukiwashwa ulimi, mwaga, uloweke upya."

"Najua," nikamjibu. Najua nini mimi!

Watoto walilia mpaka sauti zikakauka. Mama yake Binti Mbonde akanishika upindo wa nguo. "Mwanangu, na leo hatuli?"

Nikaitia ndiga chunguni, na tui la nazi za mwisho. Sikuonja. Niliogopa kuonja! Ningekuta uchungu, ningewapa nini wale watu?

"Umeonja?" Binti Mbonde akauliza.

"Nimeonja."

Nilikuwa bado napakua, yule mama mzee akaanza kupepesuka kama mlevi. Akatapika. Watoto wakafuata. Watoto Mungu aliwanusuru. Mama mzee alikata roho kabla ya magharibi, tukamzika mle mle uani, maana mlango haukufunguliwa.

Kisha mzee mmoja wa kwetu akasema, "Huyu mwanamke wa milimani ndiye aliyeleta ndiga. Na tazameni, yeye hakula!"

Hakula kwa sababu ya homa! Mimi nilijua. Amuue mama yake mzazi? Lakini watu waliofungiwa humtafuta wa kumtupia hofu yao. Wakamsukuma pembeni, asiguse mtungi, asiguse chungu. Akanitazama. Nikainamisha macho. Nikisema, niliwaza, nitakimbilia wapi humu ndani?

Askari walipofungua, waliwachukua wanaume kubeba mizigo, wanawake wakaachiwa. Binti Mbonde aliondoka peke yake. Hakuna aliyekubali kuongozana naye.

Mimi nikaolewa hapa hapa. Kukiwa na harusi au hitima, naitwa jikoni, ati mpishi wa wakimbizi. Nikikataa wataniuliza sababu. Nikikubali, naonja chungu mara kumi kabla ya kupakua. Sina pa kutokea!

Juzi nikasikia Binti Mbonde yuko kijiji cha Nyamwage. Nikaenda. Nilimkuta anapepeta mpunga, nikapiga magoti.

"Binti Mbonde, sikuonja."

Ungo haukusimama. "Nilijua. Nililamba makombo ya chungu siku ile ile, ulimi ukaniwasha."

"Mbona hukusema?"

"Mimi nani angenisikia? Wewe ndiye wangekusikia."

"Nisamehe, mwenzangu."

"Wa kukusamehe umemzika." Akaweka ungo chini. "Mimi nataka uende Chumbi, ukawaambie."

Ndugu zangu mnaojitolea kulisha watu, usichokijua sema hukijui, hata wakuone mjinga. Na mwenzio akibebeshwa kosa lako, sema siku hiyo hiyo, kabla ulimi haujazoea kunyamaza. Nimeandika haya bila jina, na najua kuandika hivi si kwenda kule alikonituma.

Chumbi ndiko ninakoishi. Bado sijawaambia.